Skuta ya Safari Imefika Magadi; Je, Nguruman?

Mpenzi msomaji, kama una mtoto aliyepata kazi yake ya kwanza mbali na nyumbani, utanielewa bila maelezo mengi. Binti yangu ni mwalimu. Mapema mwaka huu alipata barua ya kumpeleka katika shule moja ya msingi upande wa Nguruman, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ng'ambo ya Ziwa Magadi. Sisi tunaishi Ongata Rongai. Mama yake alipoisoma barua hiyo, hakuuliza habari za mshahara. Aliuliza, "Na utakuwa ukija nyumbani kwa gari gani?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Magari ya kwenda huko ni machache, na ukilikosa la asubuhi umekosa siku nzima. Binti akaamua kuchukua mkopo wa chama cha akiba, wa kulipa kwa miaka minne, anunue chombo chake mwenyewe cha magurudumu mawili. Jioni moja akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa skuta pana, yenye kioo cha kukinga upepo, matairi yenye meno na uso wa kutisha kama nyati aliyeinamisha kichwa.

"Baba, hii inaitwa skuta ya safari," akaniambia. "Haina gea wala klachi ya mkono. Inapita kila mahali."

Kila mahali! Nilipokuwa afisa wa kilimo miaka ya tisini, niliendesha pikipiki ya serikali katika njia ambazo hata punda alizikataa, na bado sijaona chombo kinachopita kila mahali. Lakini sikutaka kumvunja moyo kwa maneno matupu. Rafiki yangu mmoja jijini anayo skuta ya namna hiyo, ya injini isiyozidi cc 160. Nikamwomba aniazime kwa siku mbili. Nia yangu ilikuwa kuipitisha njia ileile atakayoipita binti yangu, kwenda na kurudi, nijue ukweli kabla mkopo haujatiwa sahihi.

Karibu basi, msomaji, uketi nyuma yangu. Kofia yako ya usalama usiisahau.

Mnyama gani huyu?

Kabla hatujawasha injini, tufahamiane kwanza na chombo chenyewe. Skuta si kitu kigeni kwetu. Wazee wengi waliita kila skuta Vespa, kwa jina la ile iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Piaggio ya Italia mwaka wa 1946. Mwenzake Lambretta alifuata mwaka wa 1947. Zilikuwa na magurudumu madogo, mahali tambarare pa kuweka miguu, na mwili wa bati. Zilikusudiwa watu wa mjini ambao baada ya vita hawakuwa na uwezo wa kununua gari.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba skuta haikuumbiwa safari ndefu. Mwandishi Mwitaliano Giorgio Bettinelli aliondoka Roma kwa Vespa mwaka wa 1992, na mwaka uliofuata akafika Saigon, nchini Vietnam. Baadaye alisafiri kwa Vespa kutoka Alaska hadi ncha ya kusini kabisa ya Amerika, kisha kutoka Melbourne hadi Cape Town. Lakini kumbuka jambo moja, maana tutalirudia mbele ya safari: Vespa za aina hiyo zilibeba gurudumu la akiba, na gurudumu hilo lingeweza kufungwa mbele au nyuma.

Hizi zinazoitwa skuta za safari ni kizazi kipya. Kampuni ya Honda ilionyesha X-ADV yake mwishoni mwa mwaka wa 2016, yenye injini ya cc 745 na uzito unaozidi kilo 230. Mwaka wa 2019 ikatoa mdogo wake, ADV150, na mwaka wa 2022 ikaja ADV160. Kampuni nyingine nazo hazikulala. Aprilia wana SR GT, nao Peugeot wana XP400. Zile kubwa ni za matajiri. Hizi ndogo, zenye kilo mia moja thelathini na kitu na tangi la lita nane hivi, ndizo zinazowatoa udenda vijana wetu.

Usiku wa kuamkia safari nilichukua futi ya kushonea ya mama watoto nikatoka nje kupima. Watu husema ubaya wa skuta ni magurudumu madogo, kwani gurudumu dogo huzama shimoni mahali ambapo kubwa huruka. Tairi la mbele la skuta lilikuwa na sentimita 53 kutoka juu hadi chini. Nikavuka hadi kwa jirani mwenye boda boda, nikapima lake. Sentimita 57. Tofauti ni vidole viwili tu! Isitoshe, tairi la skuta lilikuwa pana zaidi. Tumbo la skuta nalo lilikuwa juu ya ardhi kwa sentimita kumi na sita na nusu, ambayo si haba. Nikaenda kulala nikiwa nimeanza kuamini kwamba huenda binti yangu ana haki, na mimi ni mzee mwenye kiburi cha zamani.

Kushuka Corner Baridi

Tuliondoka Rongai saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kiserian nikajaza tangi. Mzigo wangu ulikuwa mdogo: shati, koti la mvua, maji lita tatu, pampu ndogo na vifaa vya kuziba pancha. Karibu vyote viliingia chini ya kiti. Hapo nikaipa skuta alama yake ya kwanza. Katika pikipiki ya kawaida mzigo huo ungefungwa nyuma kwa mpira, ukafika ukiwa mwekundu kwa vumbi.

Katika lami skuta ile ilikuwa starehe tupu. Unakaa wima, miguu imenyooka mbele, kioo kinakukinga upepo. Mkono wa kulia unaongeza mafuta, nayo inakwenda. Hakuna kuhangaika na gea kila inapotokea matatu mbele yako. Nilikwenda kilomita 70 kwa saa, na palipo wazi 80, bila kuisikia ikilalamika. Mahali pengine lami imeliwa kandokando kama mkate uliotafunwa na panya, na kuna mashimo, lakini nilipunguza mwendo nikapita salama.

Corner Baridi haikupewa jina bure. Upepo wa pale hupenya hadi kwenye mifupa. Simama kidogo, msomaji, uangalie chini. Kutoka hapo, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, barabara inashuka mpaka Magadi penye mita 600 hivi. Katika saa mbili utatoka kwenye baridi ya sweta uingie kwenye joto la tanuri.

Mteremko huo ndio mtihani wa kwanza. Mwenye pikipiki ya gea akishuka huingiza gea ndogo, na injini yenyewe ikamshikia. Skuta haina gea hizo. Nguvu ya injini hupita kwenye mkanda wa mpira na klachi inayojishika yenyewe. Ukiachilia mafuta ukiwa katika mwendo, injini hukuzuia kidogo. Mwendo ukipungua sana, klachi hujiachia, nayo skuta huteremka kama baiskeli, na hapo kazi yote inakuwa ya breki. Niliyekuwa nimezoea gea nilijikuta nimeshika breki kilomita baada ya kilomita hadi nikanusa harufu ya kitu kinachoungua. Nikasimama chini ya mgunga, nikangoja zipoe. Tangu hapo nilibana na kuachia, nikibana breki zote mbili pamoja, wala sikupata shida tena. Ni jambo la kujifunza, si ila ya kukatalia chombo.

Tulipita Olepolos, mahali ambapo familia nyingi za Nairobi huishia Jumapili kwa ajili ya nyama choma, tukafika Olorgesailie. Ikiwa una watoto wa shule, usipite hapo bila kusimama. Louis na Mary Leakey walianza uchimbaji wao hapo miaka ya 1940, na mpaka leo shoka za mawe zilizochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita zimelala palepale zilipopatikana, nawe unaziangalia kutoka kwenye daraja la mbao. Nilizitazama kwa muda. Mwenye shoka ile ikimvunjikia, aliokota jiwe jingine akachonga. Alikuwa na duka la vipuri kila alipokwenda.

Ziwa la magadi

Kabla ya saa nne tulikuwa Magadi. Skuta haikuwa imetoa hata tone la mafuta, na mgongo wangu ulikuwa mzima. Ningeishia hapo, ningeandika makala ya kuisifu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ziwa lenyewe ni la ajabu. Katika kiangazi sehemu kubwa haina maji bali ganda jeupe na la waridi, ambalo mahali pengine lina unene wa makumi ya mita. Haya ndiyo magadi ambayo mama zetu hutia kwenye maharagwe yaive upesi, na ambayo viwandani hutumiwa kutengenezea kioo na sabuni. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka wa 1911, na reli ikajengwa kutoka Konza ili kuyabeba. Katika chemchemi za moto kandokando ya ziwa huishi samaki wadogo wanaovumilia maji ambayo wewe na mimi tungetoa mguu mbio. Flamingo nao wapo, wakitembea taratibu kama wanaopima shamba.

Nikaongeza mafuta, nikanywa chai ya rangi, nikapunguza upepo wa matairi kidogo, maana lami ilikuwa imetuaga. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akaniuliza ninakwenda wapi na kitu hicho. Nilipomwambia Nguruman, akaitazama skuta kwa makini, akaguna, akasema, "Haya. Nenda polepole." Hakuongeza neno.

Mabati, mawe na unga

Njia ya kwenda Nguruman inavuka ziwa juu ya tuta, kisha inaingia katika nchi ya mawe na vumbi. Upande wa kusini unauona Mlima Shompole umekaa peke yake, na mbele yako ukuta wa Bonde la Ufa umesimama wa buluu. Ni nchi nzuri mno. Lakini macho yako usiyaondoe njiani.

Kwanza ni mabati. Nasema mabati kwa maana barabara imejikunja mikunjo midogomidogo iliyopangana kama bati la paa. Hapo niligundua jambo ambalo futi ya mama watoto haikunionyesha. Katika pikipiki ya kawaida injini imefungwa kwenye fremu, na gurudumu la nyuma ni jepesi, linapanda na kushuka lenyewe. Katika skuta hizi ndogo, injini na sanduku la mkanda vimeungana na gurudumu la nyuma, vyote vinaruka pamoja. Uzito huo ukianza kurukaruka, mkia wa skuta unacheza kama wa mbuzi. Nilishuka hadi kilomita 20 kwa saa. Boda boda zilinipita zikiwa zimebeba magunia, na waliozipanda wakanipungia mkono kwa huruma.

Pili ni mawe. Mwenye pikipiki akifika kwenye mawe husimama juu ya vikanyagio, akabana tangi kwa magoti, chombo kikacheza chini yake huku mwili umetulia. Katika skuta unaweza kusimama, ndiyo, lakini magoti hayana cha kubana. Tangi liko chini. Hata lile jambo zuri la Vespa, sakafu tambarare ambayo mama aliyevaa sketi aliweza kukanyaga bila kuaibika, katika hizi za safari halipo. Katikati kuna nundu. Jiwe moja lilirushwa na tairi la mbele likagonga plastiki ya tumboni, paa! Nilipoinama kutazama, nikaona ufa wa urefu wa kiganja.

Tatu ni unga. Mahali ambapo magari yamesaga udongo, vumbi limekuwa laini kama unga wa ngano, na chini yake hujui kuna nini. Niliingia humo nikiwa na mwendo mdogo kupita kiasi, kwa woga. Gurudumu la mbele likageuka lenyewe. Nilianguka taratibu, kama mzee anayeketi, skuta ikanilalia mguu wa kushoto.

Mpenzi msomaji, sikuumia. Lakini nililala pale, jua likiwa juu ya utosi, injini imezima, pasipo sauti yoyote ila ya ndege mmoja mtini. Sikujifikiria mimi. Nilimfikiria binti yangu akiwa peke yake mahali pale, Ijumaa jioni, na madaftari ya wanafunzi mgongoni.

"Pole, mzee"

Baada ya muda nikasikia pikipiki. Alikuwa kijana wa boda boda, na nyuma yake amefunga magunia matatu ya mboga kutoka mashamba ya Nguruman. Sehemu hizo hulimwa kwa maji ya mito inayotoka ukutani, na hutoa bamia, karela na maembe. Akasimama, akaegemeza pikipiki yake, akainyanyua skuta kana kwamba anamwinua mtoto.

"Pole, mzee. Umeumia?"

"Sijaumia, mwanangu. Nimeaibika tu."

Akacheka. Tukapangusa vumbi. Kishikio cha breki kilikuwa kimepinda, akakinyoosha polepole kwa mkono. Kisha akaizunguka skuta, akiitazama kwa macho ya fundi.

"Hii ni nzuri sana, mzee. Cheni yake iko wapi?"

Nikamweleza kwamba haina cheni, ina mkanda ndani ya lile sanduku la ubavuni, na kwamba mkanda huo hubadilishwa baada ya kilomita elfu ishirini na kitu, au mapema zaidi penye vumbi jingi.

Akatikisa kichwa. Akafungua mfuko wa ngozi uliofungwa chini ya kiti chake. Ndani mlikuwa na spana mbili, koleo, tyubu, na kipande cha cheni kuukuu. "Mimi cheni ikikatika, naiunga hapahapa. Kishikio kikivunjika, nanunua Magadi. Mkanda wako ukikatika, utaunga na nini?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema, ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Zizi la skuta ile liko Nairobi, na kwa vipuri vingine liko ng'ambo ya bahari. Zizi la pikipiki ya yule kijana liko kila soko alilolipita. Tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo za chini ya cc 250 mwaka wa 2008, zimejaa nchini, na kila penye watu kumi pana fundi mmoja anayezijua gizani.

Nilimwomba anitangulie mpaka mahali pagumu paishe. Akageuza na magunia yake, akanirudisha alikotoka karibu kilomita mbili, hakutaka hata senti. Nilifika Nguruman saa nane alasiri, mwekundu kutoka kichwa hadi viatu. Nikaiona shule. Ina miti mizuri ya kivuli.

Mwiba wa kurudi

Ili nisionekane kuwa na chuki, nitasimulia na ya kurudi. Kesho yake, nikiwa nimeanza kuizoea njia, nilikwenda vizuri zaidi. Nilijifunza kuingia kwenye unga kwa mwendo wa wastani na kuushika usukani kwa ulegevu, gurudumu lijitafutie njia. Karibu na ziwa nikasikia mkia unalegea. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, ulikuwa umezama katika tairi la nyuma.

Tairi hizo hazina tyubu. Niliung'oa mwiba, nikasukuma uzi wa mpira kwenye tundu kwa sindano yake, nikapiga pampu. Dakika kumi na tano, wala sikufungua gurudumu. Mwenye pikipiki ya tyubu angekuwa bado anatafuta spana. Hiyo ni alama kubwa kwa skuta, na ni haki niitoe. Lakini fikiria kama ningegonga jiwe nikapinda rimu. Tairi lisilo na tyubu likikaa juu ya rimu iliyopinda huvuja, na rimu ya aloi hainyooshwi na fundi wa baiskeli kama ile ya spoku. Gurudumu la akiba la Vespa ya zamani halipo tena. Mahali pake pamewekwa sanduku la kofia na tundu la kuchajia simu.

Nilifika Rongai jioni. Saa ya skuta haikufika kilomita 300 kwa safari nzima, na kwa makisio yangu ilikwenda karibu kilomita 40 kwa kila lita. Katika hilo hakuna wa kuilaumu.

Hesabu ya mwisho

Sasa nikuambie, msomaji, nililotoka nalo huko. Skuta ya safari ni ya msafiri, si ya mkaazi.

Kama wewe ni mkaazi wa jiji, unakwenda kazini au chuoni kila siku kwa lami, na mara moja kwa mwezi unataka kwenda Naivasha, Nyeri, Namanga au Magadi, skuta hii inakufaa. Itakupa raha kuliko boda boda, itaficha mzigo wako, na kilomita kadhaa za murram kavu kuelekea kambini haziwezi kuishinda. Ukiwa na mwenzako nyuma, punguza mzigo na uongeze subira. Ila mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi, simama. Udongo huo hujaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Na mto wenye kina usiuingie, kwa sababu maji yakipenya kwenye sanduku la mkanda, mkanda huteleza na safari imekwisha.

Usisafiri bila vifaa vya pancha na pampu. Kabla ya safari ndefu, mwulize fundi hali ya mkanda, na umwombe asafishe chujio la hewa. Ondoka mapema ili giza lisikukute njiani. Kofia ya usalama iwe kwa wote wawili, leseni na bima ziwe halali. Mwenda pole hajikwai, na katika unga wa Nguruman hata mwenda pole hujikwaa.

Lakini kama njia mbovu ndiyo njia yako ya kila wiki, kwa miaka, usinunue chombo kwa sababu kiliwahi kufika. Mimi nilifika. Swali ni je, kitakapoharibika, na hakuna kisichoharibika, nani yuko karibu wa kukitengeneza, na kwa kipuri gani? Bei aliyotajiwa binti yangu ya skuta moja ingenunua boda boda mbili mpya na kubakiza za mafuta. Kulipa mkopo kwa miaka minne huku chombo kimeegeshwa kikingoja mkanda ni adhabu ambayo sikuitaka kwa mtoto wangu.

Nilimsimulia yote, tukiwa tumeketi mezani na mama yake. Sikumwambia afanye nini. Ni mtu mzima na mshahara ni wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Baba, ulipoanguka, nani alikuinua?"

"Kijana wa boda boda."

"Na yeye alikuwa anaendesha nini?"

Nikamwambia. Akaichukua simu yake, akaifuta ile picha ya nyati. Wiki mbili baadaye akanunua pikipiki ya gea, ya kawaida, nyekundu, na mkopo ukapungua kuwa wa mwaka mmoja na nusu. Jumamosi nne mfululizo nilimfundisha kuiendesha katika uwanja wa kanisa. Alianguka mara mbili, akainuka mara mbili. Chini ya kiti amefunga mfuko wa ngozi: spana mbili, koleo, tyubu, na kipande cha cheni.

Mama yake bado hulala akiwa na simu mkononi kila Ijumaa. Hilo hakuna chombo kinachoweza kulitibu. Lakini mwezi uliopita binti alifika nyumbani kabla ya jua kutua, mwekundu kwa vumbi, na karai la maembe limefungwa nyuma kwa mpira. Maembe mawili yalikuwa yamepondeka. Tuliyala hayo kwanza.

Nakutakia safari njema, msomaji, kwa chombo chochote utakachokichagua.